Usemi wa Wageni katika Hadithi Mbili za Sinema: Mtazamo wa Balangdalalu

Hadithi mbili za sinema, kila moja ikiwa na sehemu tatu, zimependwa ulimwenguni kupita kiasi cha kawaida. Ya kwanza ni Star Wars ya George Lucas wa Marekani, ambayo sehemu zake tatu za awali zilitoka mwaka 1977, 1980 na 1983. Ya pili ni The Lord of the Rings, iliyoongozwa na Peter Jackson nchini New Zealand na kutolewa mwaka 2001, 2002 na 2003, kutokana na kitabu cha J. R. R. Tolkien kilichochapishwa mwaka 1954 na 1955. Watu wengi wamezilinganisha, na mara nyingi mizani iliyotumiwa ni ya picha, vita na ushujaa. Mizani hiyo si mbaya, walakini haitoshi. Makala haya yanazipima hadithi hizo kwa lugha: nani amepewa lugha, ni lugha ya namna gani, na je, akisema hujibiwa?

Balangdalalu, katika Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, ni mahali pafaapo kusimama mtu atakaye kupima jambo hilo. Katika nchi hiyo ya Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, hukutana watu wa lugha zisizo na udugu. Wadatoga, na hasa wale waitwao Wabarabaig, ni wafugaji wenye lugha ya jamii ya Kiniloti. Wairaqw, ambao wakulima na wafugaji wao wameenea kutoka Mbulu, husema lugha ya jamii ya Kikushi. Wanyaturu na Wanyiramba wa upande wa Singida wana lugha za Kibantu. Na kandokando ya Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, ambao lugha yao ina sauti za kidoko, na udugu wake na lugha nyingine yoyote haujathibitika. Kiswahili kipo katikati yao wote, shuleni, barazani, zahanati na mnadani. Mnadani mtu huweza kuuliza bei ya ndama kwa lugha yake akajibiwa kwa lugha nyingine, na biashara isiharibike. Mtu aliyekulia katika hali hiyo, atazamapo sinema yenye viumbe wa mataifa mengi, ana haki ya kuuliza jinsi viumbe hao wanavyosikilizana.

Kwanza yafaa kutaja yale ambayo hadithi hizi zinafanana. Katika zote mbili yumo kijana aliyelelewa na jamaa yake mahali pa kimya, mbali na mambo makubwa. Luke Skywalker hukaa shambani kwa mjomba wake, na Frodo katika nyumba ya mzee Bilbo. Katika zote mbili mzee mwenye hekima humtoa kijana huyo nyumbani, kisha mzee hutoweka katika mapambano na kurudi kwa hali nyingine. Adui naye ana nguvu zisizoshindika ila kwa siri moja. Ngome ya angani ya Star Wars huangamia kwa risasi moja iliyopita katika tundu dogo, na mfalme wa giza wa The Lord of the Rings huangamia pete yake itupwapo motoni. Msomaji wa hekaya za pwani hatashangaa. Fumo Liongo, kwa mujibu wa simulizi, hakufa kwa mkuki wala kwa mshale, bali kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, baada ya siri yake kujulikana. Fundo hilo ni la kale, na kulikuta katika sinema hakumfanyi mtengenezaji kuwa mwizi wala mvumbuzi.

Mwisho nao unafanana kuliko watu wanavyodhani. Luke hutupa silaha yake mbele ya adui, na ushindi hutoka katika mkono wa baba aliyekuwa amepotea. Frodo, baada ya safari yote, hushindwa kuitupa pete kwa hiari yake, na ushindi huja kwa sababu Gollum, ambaye alihurumiwa na kuachwa hai, humnyang'anya na kuanguka nayo. Hadithi zote mbili, basi, zinasema kwamba huruma hufanya kazi ambayo upanga hauiwezi. Kwa upande wa maana zake za nje, hakuna sababu kubwa ya kuipandisha moja na kuishusha nyingine. Tofauti ya kweli iko katika usemi.

Tolkien alikuwa mwalimu wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford, na yeye mwenyewe alieleza kwamba lugha zilitangulia na hadithi zikafuata, ili lugha zipate watu wa kuzisema. Lugha yake moja ya Elfu, Quenya, ina athari ya Kifini. Ya pili, Sindarin, ina athari ya Kiwelsi. Zote mbili zina sarufi, mabadiliko ya sauti na historia ya kutengana kwake, kama zilivyo lugha za watu. Jackson aliuheshimu urithi huo. Mtaalamu wa lugha, David Salo, alitungiwa kazi ya kukamilisha maneno yaliyopungua, na wachezaji walifundishwa matamshi kwa uangalifu. Mtazamaji asiyejua neno hata moja husikia kwamba hapa pana lugha, si kelele, kwa maana sauti zinarudi katika mahali pake na sentensi zina mwendo.

Mfano ulio bora kuliko yote uko katika sehemu ya kwanza, penye mlango wa machimbo ya Moria. Mlango umeandikwa maneno ya Kielfu, na Gandalf, pamoja na elimu yake yote, anajaribu siri baada ya siri bila ya mafanikio. Shida yote iko katika sarufi: katika maandishi yale, neno lenye maana ya rafiki huweza kuwa jina la anayeitwa, au huweza kuwa ndilo neno linalotakiwa kutamkwa. Katika sinema ni Frodo agunduaye. Katika kitabu ni Gandalf mwenyewe. Mfasiri wa Kiswahili hupata hapa bahati ambayo wenzake wa lugha nyingine huenda wasiipate. Kitenzi "sema" kikifuatwa na "rafiki" huchukua maana zote mbili bila ya kulazimishwa, na ni kituo kidogo tu cha sauti kinachozitenga. Kitendawili kizima huhamia katika Kiswahili kikiwa salama. Ni nadra kwa sinema ya vita kuuweka mlango wa maisha na mauti juu ya swali la sarufi, na hiyo peke yake yatosha kuipa heshima mbele ya wanafunzi wa lugha.

Jambo la pili la kusifiwa ni uwiano wa lugha. Tolkien alidai kwamba kitabu chake kimefasiriwa kutoka katika lugha ya kale, akatumia Kiingereza cha leo kwa lugha ya watu wote, na Kiingereza cha kale kwa lugha ya wapanda farasi wa Rohan, kwa kuwa lugha hizo mbili ni ndugu. Jackson aliufuata mpango huo katika majina na nyimbo za watu wa Rohan. Mfasiri atakayetaka kuwa mwaminifu hatayaacha maneno hayo ya Kiingereza cha kale jinsi yalivyo, kwani yangekuwa mageni kwa namna isiyokusudiwa. Ikiwa lugha ya watu wote ni Kiswahili cha leo, watu wa Rohan wapaswa kuimba kwa Kingozi, yaani lugha ya kale ya mashairi ya pwani ya kaskazini, ili msikilizaji ahisi kwamba anasikia sauti ya babu zake na kuifahamu nusu. Uwiano ni tafsiri iliyo bora kuliko neno kwa neno.

Walakini ukarimu huo una mpaka. Elfu wana lugha mbili, watu wa Rohan wana nyimbo, hata majeshi ya giza yana usemi wao. Lakini watu wa Harad, wanaotoka kusini wakiwa juu ya ndovu wakubwa, huingia vitani na kufa bila ya kusema neno lenye kufahamika. Katika toleo refu la sehemu ya pili, Faramir husimama juu ya maiti ya mmoja wao na kujiuliza jina lake lilikuwa nani na ni nini kilichomtoa kwao. Swali hilo ni jema, na linaonyesha kwamba watunzi walijua upungufu wao. Lakini maiti hajibu, na aliye hai hakuulizwa. Mtazamaji aliye kusini mwa dunia ataona bila ya kuambiwa kwamba sarufi imegawanywa kwa dira.

Star Wars ilifuata njia nyingine kabisa. Lucas hakuwa mtaalamu wa lugha, na fundi wake wa sauti, Ben Burtt, hakutunga sarufi. Alitafuta lugha zilizopo ambazo watazamaji wa Marekani hawakuzizoea, akachukua sauti zake. Usemi wa viumbe wadogo wa jangwani uliigwa kutokana na Kizulu na kuharakishwa. Usemi wa akina Greedo na Jabba ulitokana na Kikechua, lugha ya milima ya Amerika ya Kusini. Usemi wa viumbe wa msituni katika sehemu ya tatu ulitokana na Kikalmyk na Kitibeti. Kwa mtengenezaji, lugha hizo zilikuwa kama ngurumo ya dubu iliyotumiwa kwa sauti ya Chewbacca: malighafi ya masikio.

Katika sehemu hiyo ya tatu, ya mwaka 1983, yumo rubani mwenye mashavu makubwa aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi kutoka Kenya, naye alisema kwa Kikalenjin na Kigikuyu. Maneno yake hayakuandikiwa tafsiri chini ya picha, kwa kuwa yalidhaniwa hayana mtu wa kuyafahamu. Lakini lugha yenye watu haiwezi kufanywa kelele kwa amri. Mtazamaji wa Nyeri au wa Eldoret aliposikia sauti ile alisikia maneno, akapata ziada ambayo hata mtengenezaji wa sinema hakuwa nayo. Tena yapo maandishi yaliyoitaja lugha ya rubani huyo kuwa Kihaya, yaani lugha ya Bukoba, ilhali Kihaya na Kikalenjin havina udugu wa karibu wala wa mbali unaojulikana kwa yakini. Kosa hilo si dogo. Aliyechukua sauti bila ya maana hana njia ya kujua amechukua mali ya nani.

Hapo ndipo Balangdalalu inaporudi katika mjadala. Kikalenjin na Kidatoga ni ndugu. Vyote viwili ni vya tawi la kusini la lugha za Kiniloti, ingawa wasemaji wake wametengana kwa karne nyingi. Sauti iliyochaguliwa iwe ya kiumbe wa nyota ya mbali ina nasaba katika maboma ya Hanang. Na Wadatoga wanayajua mambo ya kusikiwa kama kelele. Jina walilozoeleka kuitwa na majirani wengi, Wamang'ati, halikutoka kinywani mwao. Ni neno la Kimasai lenye maana ya maadui, na Kiswahili kililichukua bila ya kuuliza. Wairaqw nao huitwa Wambulu, kwa jina la mahali. Kumwita mtu kwa jina alilopewa na adui wake, na kuichukua lugha yake kwa ajili ya ugeni wa sauti yake, ni matendo mawili ya asili moja.

Yafaa kukumbuka ni mali gani inayopotea katika kusikia kwa namna hiyo. Miongoni mwa Wadatoga, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba wa mumewe, wala maneno yanayolandana na jina hilo kwa sauti. Badala yake hutumia maneno mengine, na mengi ya maneno hayo ni ya desturi, yanayojulikana na wanawake wote na kurithishwa kutoka kizazi hadi kizazi. Ni kusema kwamba ndani ya lugha moja kuna msamiati wa pili, uliojengwa kwa heshima. Wairaqw wana slufay, sala ndefu ya kishairi ambayo mzee huitamka mbele ya mkutano na watu wakaiitikia. Mtu anayestaajabia Kielfu kwa kuwa kina lugha ya kila siku na lugha ya ibada hana haja ya kusafiri mpaka katika nchi ya kubuni. Tofauti ni kwamba Kielfu kimepata wanafunzi katika mabara yote, na msamiati wa mabibi wa Kidatoga wachache sana wameuandika.

Baada ya kuilaumu Star Wars kwa haki, hapana budi kuisifu kwa jambo ambalo wahakiki wengi wameliruka. Nien Nunb hakai nyuma. Amekaa katika chumba cha rubani, kando ya Lando Calrissian, katika shambulio linaloamua vita yote. Yeye husema kwa lugha yake, Lando humjibu kwa Kiingereza, na hakuna kati yao anayemtaka mwenzake abadili. Ndivyo wanavyosemezana Han Solo na Chewbacca katika sehemu zote tatu, na ndivyo Luke anavyosemezana na mashine yake ndogo. Greedo humtisha Han kwa lugha moja na kujibiwa kwa nyingine. Katika ulimwengu huo, kuifahamu lugha ya jirani ni jambo la kila siku lisilohitaji maelezo. Huo ndio usemi wa mnadani. Katika The Lord of the Rings, kinyume chake, lugha ngeni hutokea zaidi katika wimbo, katika maombolezo, katika mapenzi ya Aragorn na Arwen, au katika laana. Ni lugha ya kusikilizwa kwa kicho, na mara chache ni lugha ya kushauriana njia.

Mpaka wa sifa hiyo nao waonekana katika mtu wa dhahabu, C-3PO, ambaye hujisifu kuwa anajua zaidi ya namna milioni 6 za kuwasiliana. Mkalimani huyo amefanywa kichekesho. Hunyamazishwa, huzimwa, na ujuzi wake huhesabiwa kuwa porojo. Walakini katika kijiji cha msituni, ni yeye anayewaokoa mabwana zake kwa ulimi. Kila mtu aliyeketi katika zahanati au baraza la kijiji ambamo mama mzee hajui Kiswahili anajua kwamba mkalimani si mchezo. Neno moja likipotea, dawa hukosewa au shamba huenda kwa asiye mwenyewe.

Nchini Tanzania sinema za kigeni zimewafikia watu wengi kwa njia ya wafasiri wa mdomo, ambao hutia sauti yao ya Kiswahili juu ya picha. Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliijengea sanaa hiyo jina kubwa. Nchini Uganda wenzao huifanya kwa Kiganda. Mfasiri wa banda la video si mtumwa wa maneno. Husimulia, huonya, hutia methali, na huwatia watu wote wa hadithi katika sauti yake moja. Sanaa hiyo imepewa dharau isiyostahili, kwa kuwa ni tawi la usimulizi wa hadithi uliokuwapo kabla ya umeme. Lakini hadithi hizi mbili zinaitia katika mtihani. Elfu akisema Kielfu na mfasiri akamtia katika Kiswahili kile kile cha Frodo, mlango wa Moria hauna tena siri. Nien Nunb akifunikwa na sauti ya Kiswahili, yule mmoja ambaye angetambua lugha ya jamaa zake hunyimwa nafasi hiyo. Mfasiri mwema hapo hunyamaza kidogo, huiacha lugha ngeni isikike, kisha hueleza.

Hukumu ya makala haya, basi, ni ya pande mbili. Kwa ufundi wa lugha, kazi ya Jackson imeishinda ya Lucas, wala hakuna nafasi ya ubishi. Kutunga sarufi na kuitii ni heshima kubwa kuliko kuchuma sauti barabarani. Kwa adabu ya mazungumzo, kazi ya Lucas iko karibu zaidi na ukweli wa Afrika ya Mashariki, maana ndani yake mgeni husema na kujibiwa. Ya kwanza imewapa wageni wateule lugha kamili na kuwanyima wengine hata salamu. Ya pili imewanyang'anya watu halisi maana ya maneno yao, kisha, pasipo kukusudia, ikawaketisha katika kiti cha rubani. Ikilazimika kuchagua moja, na ichaguliwe ile ya pili kwa moyo wake na ile ya kwanza kwa kazi yake. Na atakayetunga sinema ya mambo ya kubuni katika nchi hizi asikubali kupata moja bila ya nyingine.

Swali lililobaki ni la wasomi wa Kiswahili wenyewe. Katika sinema, lugha ya watu wote ni Kiingereza. Katika Hanang ni Kiswahili. Kiswahili kimefanya kazi kubwa ya kuwaunganisha watu ambao babu zao hawakusikilizana, na hapana sababu ya kuionea haya kazi hiyo. Lakini lugha iunganishayo huweza kuwa kama Lando, inayosikia na kujibu, au kama chombo cha kunasa sauti, kinachochukua ugeni na kuacha maana. Kamusi za Kiswahili zimepokea maneno ya Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza, na asili ya kila moja huelezwa kwa fahari. Maneno ya Kidatoga na Kiiraqw yaliyoingia katika Kiswahili cha Hanang kwa njia ya mifugo, malisho na ndoa hayajapewa uangalifu wa namna hiyo. Kazi ya kuyakusanya yaweza kuanzia Balangdalalu siku ya mnada, kwa mtafiti kuuliza kwanza watu wenyewe hujiitaje.